Mvure wa Leonsia

Mke wangu Leonsia hakuwa mkunga wala muuguzi. Alikuwa mkulima wa Runazi kama wanawake wengine wa Runazi. Mahindi, mihogo, maharage. Lakini mtoto akizaliwa jirani, watu walikuja kumwita akamwogeshe. Namsimulia kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya mtoto mmoja, Nyamizi, ambaye Leonsia alimwacha katikati ya kazi.

Kazi aliipata kwa mama yake. Wazazi wake walitoka Burundi wakaingia Ngara kwa miguu, yeye akiwa mgongoni. Mama yake alikuwa akiwaogesha wachanga kwa maji ya uvuguvugu, akiwanyoosha miguu na mikono, akiwapaka siagi ya ng'ombe. Leonsia alichota maji tu. Alipokuwa msichana mkubwa akapewa naye ashike.

Mimi ni Mhangaza wa hukohuko Ngara. Tulioana, tukabaki na mtoto mmoja, Anjelika. Wengine hawakukaa. Anjelika alizaliwa kabla ya siku zake, kiganja changu kimoja kilimtosha. Watu wakasema huyu naye ni wa kupita. Leonsia alichemsha maji. Anjelika sasa yuko Geita na watoto wake.

Ardhi ilipotubana tulihamia Runazi. Kwenye lori tulipakia godoro, mbuzi na mvure wangu. Mvure ni ule mti uliochongwa kama mtumbwi, tunaokamulia ndizi za pombe. Wangu aliuchonga baba kutoka kwenye mti mmoja wa mvumu. Mtu mzima anaweza kulala ndani akajinyoosha. Kwetu mvure ni kitu cha mwanamume. Mwanamke atachota rubisi, pombe yenyewe, ikishaiva, lakini mvure wenyewe hausogezi.

Kisha mnyauko ukaingia kwenye migomba. Nilikata shamba lote nikafukia mashina. Hapakuwa na ndizi za kukamua tena. Mvure nikaupindua kifudifudi nyuma ya nyumba, kuku wakahamia chini yake.

Siku moja tunakula, Leonsia akaniambia, "Baba Anjelika, ule mvure kuku wanaufanyia nini?"

"Wanataga."

"Nipe mimi."

"Na wewe utage?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Beseni ni dogo. Mtoto akirusha mguu anagonga ukingo. Anaogopa, anajikunja. Mimi nataka arushe."

Nilinyamaza. Nina kimya cha kukataa na kimya cha kukubali, na yeye alivijua vyote viwili. Asubuhi yake aliwafukuza kuku.

Nilimsaidia kuusugua mvure kwa mchanga na maji. Tukaona unatosha. Mtoto wa kwanza kuingia alikuwa mvulana wa jirani yetu Kaneza, mnene, anapenda maji. Hatukufikiri kwamba maji ya moto yatavuta kila kitu ambacho ule mti ulikuwa umekunywa tangu enzi za baba. Jumapili, kanisani, Domisiana wa jumuiya yetu akampokea mtoto ambusu. Akamnusa utosi. Akamnusa tena.

"Kaneza, huyu amelala wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Ananuka rubisi kuliko baba yake!"

Benchi zima lilicheka. Baba wa mtoto alicheka zaidi ya wote. Leonsia alitazama mbele. Tulipofika nyumbani hakubadilisha hata nguo, alianza na majivu. Majivu, maji, jua. Anajaza, anamwaga, anaanika. Masika yote ilipita mvure ukiwa uani unanyeshewa, na mimi kila nikipita ananiambia, "Njoo unuse." Nikinusa namwambia bado kidogo.

"Umekunywa kuliko wewe, huu mti," alisema.

Baada ya hapo watoto wengi walipita mle. Mimi nilikuwa nachota maji na kuyachemsha. Nikimaliza nakaa kwenye kigoda changu, nasokota kamba za katani. Ndiyo maana niliona.

Maji aliyapima kwa kiwiko. Alingoja jua lifike uani na upepo utulie. Mkono wake wa kushoto ulikaa chini ya shingo ya mtoto na hautoki. Nzi atue usoni pake, mtu amwite kutoka barabarani, hautoki. Alipiga magoti upande mmoja siku zote, mpaka ukingo wa upande ule ukalainika kwa mkono wake. Alinieleza kwamba ndani ya maji mtoto anakuwa mwepesi. Mguu unaomshinda kuunyanyua juu ya mkeka, majini unanyanyuka wenyewe, na mtoto anashangaa kumbe ni wake. Aliweka gunzi la mahindi lielee juu ya maji, walifuate kwa macho, halafu kwa mkono. Aliwamwagia maji kwa kata kwenye kiganja, kidogo kidogo, wafumbe na kufumbua. Aliongea nao muda wote. Kwangu mimi hakuongea vile.

Sasa Nyamizi.

Nyamizi ni binti wa Kwandu na Jeremia. Ni Wasukuma, walikuja na ng'ombe kutoka upande wa Kahama, mji wao uko mkabala na wetu. Uchungu wa Kwandu ulichukua muda mrefu, na mtoto alipotoka hakulia upesi. Akakua. Lakini shingo yake haikukaza, na mkono wa kulia ulikuwa umefumba kama ameshika kitu. Wenzake walikuwa wanatambaa na kula udongo, yeye unamlaza hapa unamkuta hapa.

Hospitalini daktari wa mazoezi alimwambia Kwandu amfanyishe mtoto mazoezi kwenye mkeka na kwenye maji ya uvuguvugu. Kwandu akasema kwetu kuna bibi anafanya hayo. Daktari akasema safari ijayo aje naye. Leonsia alivaa kitenge chake cha Krismasi akaenda. Walikaa pamoja, kila mmoja akimwonyesha mwenzake. Alirudi na mambo mapya, anayarudia njiani asiyasahau. Mlaze mtoto kifudifudi juu ya mkono wako, anyanyue kichwa mwenyewe. Vidole vilivyofumba usivivute, viache maji yavifumbue.

Kitu kimoja hakikumwendea vizuri. Kwandu aliogopa maji. Alikuwa na mdogo wake aliyezama lamboni wakati wakinywesha ng'ombe, huko kwao. Alikuwa anamleta mtoto, anamkabidhi, halafu anakaa pembeni amegeuza mgongo nusu.

"Mama Nyamizi, njoo ushike."

"Kesho, bibi."

"Kesho yako imeota ndevu. Njoo."

"Kesho kweli, bibi."

Leonsia hakumlazimisha. Aliendelea peke yake, na shingo ikaanza kukaza. Polepole sana. Nyamizi akawa ananyanyua kichwa, anaangalia gunzi, anachoka, anakilaza.

Mahindi yalipoanza kubeba, mama yake Jeremia akaja kutoka Kahama. Mwanamke mrefu, ana sauti. Alisimama uani kwetu, mikono kiunoni, akatazama mjukuu wake ndani ya mvure.

"Maji matupu? Hata dawa hamna?"

"Maji tu, mama," Leonsia akamjibu. "Ya vuguvugu."

"Ninyi Wahangaza mnaloweka watoto kama mihogo."

"Mihogo naloweka ilainike. Huyu nataka akaze."

"Basi akaze upesi. Mahindi yakivunwa naondoka naye. Kuna mzee kwetu anajua watoto wa namna hii. Kwandu atabaki hapa azae mwingine."

Kwandu alikuwa amekaa palepale anasikia. Jeremia naye alikuwepo. Alitazama chini akachora mchanga kwa fimbo ya ng'ombe.

Walipoondoka Leonsia aliniambia, "Mtoto akienda huko bila mama yake, atalazwa kwenye ngozi kona ya nyumba. Basi." Akaongeza kuni.

Hakufika kwenye mavuno. Tulikuwa tunapalilia maharage. Alisema kichwa kinamuuma, akakaa kwenye tuta. Nilikwenda kumletea maji. Niliporudi alikuwa amelala, na hakuamka. Yale maji niliyamwaga palepale.

Tulimzika. Anjelika alikuja, akalia, akapika, akanionyesha chumvi inakaa wapi. Kisha alirudi kwa watoto wake.

Kwetu msiba haumalizwi kwa maneno. Unamalizwa kwa pombe, na pombe hiyo inakamuliwa kwenye mvure wa nyumba ile ile iliyofiwa. Watu wanakunywa, mfiwa ananyolewa, anarudi kushika jembe na kukaa na wenzake kwenye sherehe zao. Kabla ya hapo yeye bado yumo msibani. Migomba niliyopanda upya baada ya mnyauko ilikuwa imezaa. Mdogo wangu Aron, anayekaa Nyamahanga, alikata mikungu akaifukia shimoni iive. Alikuja pia akaupindua mvure, akauweka tayari kwa kuoshwa. Mimi nilimwacha.

Kwandu alikuja asubuhi, mtoto mgongoni. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeangukia upande.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Akakaa chini.

"Babu, shingo imelegea tena."

Nilimtazama mtoto. Ilikuwa kweli.

"Nilijaribu kwenye beseni," akasema. "Nikamtia, nikamtoa hapohapo. Na mama mkwe ameshaanza kukunja nguo zake. Wameanza kuvuna, babu."

Katika nyumba hii kuongea ilikuwa kazi ya Leonsia. Nilinyanyuka nikawasha moto. Nikachota maji, nikabandika. Nikaugeuza mvure, nikaufuta. Kwandu alikuwa ananiangalia kama mtu anayeangalia mzee amechanganyikiwa. Maji yalipopata moto nikayachanganya ndani.

"Pima," nikamwambia.

Akatia kidole.

"Kiwiko."

Akatia kiwiko. "Yako sawa, nadhani."

"Piga magoti upande huu. Mkono wa kushoto chini ya shingo. Sogeza. Hapo."

"Babu, akizama?"

"Mimi nimekaa hapa."

Alimteremsha. Alifumba macho, mama mtu, siyo mtoto. Nyamizi aligusa maji, akatulia, kisha mguu mmoja ukaruka. Nikaona Kwandu amefumbua macho. Sikuweza kuangalia sana. Mkono wake ulikuwa palepale kwenye ukingo, pale palipolainika. Nilishika kamba yangu nikasokota vibaya, ikabidi niifumue.

"Sasa mwagia kiganja. Usivute vidole."

"Havifunguki."

"Ngoja."

Akamwagia. Akangoja. Akamwagia tena. Kidole cha mwisho kilitoka kwanza, halafu vingine, polepole. Kwandu akacheka huku anavuta kamasi.

"Ongea naye," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Lolote. Bibi yenu alikuwa anamsimulia bei ya maharage."

Kwandu akaanza kuongea naye Kisukuma. Sikuelewa hata kimoja. Ilikuwa vizuri kusikia sauti uani.

Kesho yake alirudi, na keshokutwa yake. Alikuwa bado yuko kwenye mvure siku Aron alipoingia na baiskeli, ndizi mbivu zimefungwa nyuma kwenye magunia, nyasi za kukamulia juu yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Akaegesha baiskeli. Akatazama. "Kaka, kuna mtoto ndani ya mvure."

"Naona."

"Ndizi hizi zimeiva. Kesho tunakamua."

"Hatukamui."

Alicheka akidhani natania. Mimi huwa sitanii. Akaacha kucheka.

"Kaka, watu wameshaambiwa. Wanatoka mpaka Bisibo."

"Kamua kwako."

"Kwangu kuna msiba? Msiba uko hapa!"

Nikamwambia ajue mti ule unavyokunywa. Pombe ikiingia mara moja, mpaka itoke tena ni masika nzima, na mtoto huyu hana masika nzima. Akirudi kwao ananuka rubisi, bibi yake hatangoja hata jua lichwe.

"Wasukuma hawa wana ng'ombe wangapi?" Aron akasema kwa nguvu, makusudi Kwandu asikie. "Wauze mmoja wanunue birika la kunyweshea mifugo, wamwogeshee humo!"

Kwandu aliinama juu ya mtoto. Hakutoa mkono.

"Na wewe utakaa na hayo manywele mpaka lini? Unafanana na kondoo wa Ijumaa Kuu."

"Mpaka akae."

"Nani akae?"

"Mtoto."

Aron alikaa kwenye gunia la ndizi. Sasa aliongea kwa sauti ya chini, na hilo ndilo liliniuma. "Kaka. Shemeji alinilea mimi. Watu watasema umemnyima pombe yake. Watasema alizikwa kama mgeni."

Nilijua Leonsia anastahili pombe ile. Nilijua pia kazi ya Nyamizi ilikuwa bado mikononi mwake alipokaa kwenye lile tuta. Vitu viwili haviwezi kuingia kwenye mvure mmoja. Nilimwambia Aron, "Pombe itakuja. Mtoto akienda, haji."

Aliondoka na ndizi zake bila kuaga vizuri. Alizikamua kwake, watu wakanywa, wakaimba, na hakuna aliyetaja jina la Leonsia kwa sababu haikuwa ya kwake. Alipooa kijana wa jirani yetu Uwimana, sikuitwa harusini. Mtu ambaye msiba haujamtoka haitwi. Wengine wakipita barabarani hunisalimia kwa mbali. Nywele zangu bado zipo, zinaniwasha.

Mahindi yalivunwa. Yakafika nyumbani, yakapukuchuliwa. Siku hiyo Kwandu alikuwa magotini, mtoto majini, mimi naongeza kuni. Mama yake Jeremia akaingia uani na furushi kichwani, Jeremia nyuma yake.

"Nimemfuata mtoto. Gari linapita barabara kubwa mchana."

Kwandu hakugeuka. "Mama, siwezi kutoa mkono."

"Mtoe yeye basi, umpe nguo."

"Bado hajamaliza, mama."

Nilimwona mama yule anamwangalia mkwewe. Nadhani hakuwahi kumsikia akimjibu. Alichuchumaa, furushi bado liko kichwani, akachungulia ndani.

"Bado mnaloweka."

Gunzi lilikuwa linaelea. Kwandu alimnyanyua Nyamizi akamkalisha, maji yakamfika kifuani, kiganja cha Kwandu mgongoni kwake. Maji yalimshika huku na huku. Alikuwa ameshika kichwa mwenyewe. Kwandu aliniangalia. Tulikuwa hatujajaribu hicho.

"Legeza," nikasema. "Usiondoe. Legeza."

Kiganja kikalegea, kikaachana na mgongo, kikakaa karibu. Nyamizi akayumba. Akabaki. Akaliona gunzi, akanyanyua ule mkono wa kulia, vidole vimefumbuka, akaupiga juu ya maji kwa nguvu zake zote. Maji yakamrukia bibi yake usoni. Akapiga tena. Kisha akaanza kuegemea upande, Kwandu akamdaka kabla hajalala.

Jeremia alikuwa ameacha mdomo wazi. Mama yake akajifuta kwa upindo wa kanga, taratibu, jicho moja halafu jingine.

"Kukaa majini siyo kukaa," akasema. "Hata chura anakaa majini."

"Mama, lakini umeona," Jeremia akasema.

"Nina macho! Nani amesema sijaona?"

"Basi asiende."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia kijana yule akisema jambo mbele ya mama yake. Alilisema akitazama chini, lakini alilisema. Mama akateremsha furushi, akalifungua, akatoa vigauni viwili na blanketi dogo, akaviweka juu ya kigoda changu.

"Mtama ukivunwa nakuja. Nikimkuta bado anakaa majini tu, nje hakai, namchukua na msiniletee maneno."

"Sawa, mama," Kwandu akasema.

Nilidhani ataondoka sasa, gari lisimwache. Hakuondoka. Alizunguka mvure, akapiga magoti kwa shida kando ya Kwandu, akakunja mikono ya gauni.

"Mzee," akaniita. "Marehemu alikuwa anashika wapi?"

Nilimwonyesha. Kwandu akampisha nafasi kidogo, bila kutoa mkono wake, na mama mkwe akapenyeza wa kwake chini ya ule wa Kwandu.

"Yamepoa haya," akasema. "Mtampa mtoto mafua."

Nikanyanyuka kwenda kuchota mengine motoni.